Mguu Umekufa Ganzi Baada ya Upasuaji: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia Kenya

Mama aliyeingia ofisini kwetu asubuhi ile alikuwa na ndara moja mguuni. Ya pili ilikuwa imemvuka kwenye ngazi, naye hakuhisi. Mguu wa kushoto aliuinua kutoka pajani kama mtu anayeruka mtaro, kisha unyayo ukadondoka sakafuni, pa! Alikuwa fundi cherehani wa Kisauni. Alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kizazi, kizazi kikapona, akarudi nyumbani na mguu usionyanyuka. "Mwanangu," akaniambia, "mimi niliwapelekea kizazi. Mguu wangu waliutakia nini?"

Nimekuwa karani wa wakili hapa Mombasa miaka mingi, na kesi za hospitali ndizo zinazonichosha kuliko zote, maana nyingi huwa zimeshakufa kabla hazijafika mezani kwetu. Zinakufa kwa faili lililopotea na kwa siku zilizopita. Zinakufa pia kwa sababu mteja amekazania swali moja tu: "Nani alinikata mshipa?" Hilo mara nyingi halithibitiki. Thieta ilikuwa na watu sita, wewe ulikuwa umelala. Swali linalothibitika ni hili: ulipolalamika ganzi, nani alikusikia, lini, na akafanya nini? Shika swali hilo unaposoma hatua zinazofuata. Hazichukui nafasi ya wakili, ila zitakupeleka kwake ukiwa na kitu mkononi.

Hatua ya 1: Neva kwanza, kesi baadaye

Hasira naielewa. Lakini neva ina saa yake, na saa hiyo haina huruma kuliko ya mahakama.

Neva iliyoumia huwa katika moja ya hali tatu. Iliyobanwa au kuvutwa tu, nyuzi zake zikiwa nzima, huweza kurudi yenyewe kwa siku, wiki au miezi michache. Ile ambayo nyuzi za ndani zimekatika lakini ala yake imebaki, humea upya kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Iliyokatika kabisa hairudi mpaka ishonwe. Mgawanyo huu uliandikwa na mpasuaji wa Uingereza, Herbert Seddon, mwaka 1943, na hadi leo utaukuta kwenye ripoti za mabingwa.

Sasa piga hesabu. Neva ikiumia nyongani na misuli inayonyanyua unyayo iko chini ya goti, njia inakaribia nusu mita. Kwa milimita 1 kwa siku, hiyo ni kama siku 500. Wakati huo wote msuli usiopata amri unanyauka, na ukikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huenda usiitikie tena hata neva ikiufikia. Ndiyo maana mtu anayekuambia "subiri tu, itarudi" anapaswa kukuambia pia utasubiri hadi tarehe gani, na tarehe hiyo ikifika bila mabadiliko kitafuata nini.

Tafuta bingwa wa neva ambaye hakuhusika na upasuaji wako. Omba kipimo cha umeme wa neva na misuli, kile wanachokiita EMG. Kipimo hiki hufaa zaidi kuanzia wiki ya 3 au ya 4 baada ya jeraha, kwa sababu kikifanywa mapema mno kinaweza kuonyesha neva iliyokatika kana kwamba imebanwa tu. Kisha mazoezi ya viungo, na gango, kile kifaa cha plastiki kinachoushikilia unyayo usining'inie. Fundi wetu alikaa miezi miwili bila gango. Kano ya kisigino ikakaza, ikawa hata neva ingeamka asubuhi hiyo, unyayo usingepanda. Hilo lilikuwa jeraha la pili, na halikutajwa kwenye fomu yoyote aliyosaini.

Mambo mawili hayangoji hata kesho. La kwanza ni maumivu makali yanayozidi ndani ya plasta au bendeji, vidole vikiwa vimekufa ganzi au vimebadilika rangi. La pili ni ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kukojoa baada ya upasuaji wa mgongo au sindano ya mgongo. Ukiona mojawapo, nenda sasa hivi, hata kama ni hospitali ileile uliyoikasirikia.

Kisheria pia matibabu yana faida. Ukiacha kliniki kwa hasira, wakili wa upande wa pili atasema ulijizidishia mwenyewe, na hakimu atamsikiliza.

Hatua ya 2: Tenganisha bahati mbaya na uzembe

Hapa ndipo wengi wanapochukia ushauri wetu. Kuumia si ushahidi wa uzembe. Zipo operesheni ambazo neva iko palepale kisu kinapopita: neva ya sauti kwenye upasuaji wa rovu, neva ya uso kwenye tezi ya mate, neva ya mdomo na ulimi kwenye jino la mwisho, neva kubwa ya mguu kwenye kubadilisha nyonga. Daktari hodari anaweza kuijeruhi akiwa makini kabisa.

Mahakama za Kenya zimerithi sheria hii kutoka Uingereza, na kuna kesi mbili za huko ninazopenda kuwasimulia wateja, kwa sababu zote zinahusu watu waliotoka hospitali wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia.

Kwenye ya kwanza, wanaume wawili walidungwa sindano ya ganzi ya mgongo siku moja, Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield. Wote wawili wakapooza kuanzia kiunoni. Ilikuja kuelezwa mahakamani kwamba vichupa vya dawa vilihifadhiwa ndani ya fenoli, nayo ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Wakashindwa kesi. Hatari hiyo haikujulikana wakati ule, na Jaji Denning akasema mwaka 1954 kwamba tukio la 1947 halitazamwi kwa miwani ya 1954. Watu wawili wamepooza, chanzo kimejulikana, na bado hakuna aliyelipa.

Ya pili ni ya 1951. Mtu alikwenda kutibiwa vidole viwili vilivyokunjamana. Baada ya operesheni mkono ukafungwa kwenye gango karibu wiki mbili. Alilalamika maumivu, akapewa dawa za kutuliza. Gango lilipofunguliwa, vidole vyote vinne vilikuwa vimekakamaa na mkono haufai kitu. Huyu alishinda. Denning yuleyule alisema mgonjwa wa namna hii ana haki ya kuiambia hospitali: niliingia na vidole viwili vigumu, nimetoka na vinne, elezeni kama mnaweza.

Mimi naona tofauti kati yao kwenye yale maumivu yaliyolalamikiwa. Wale wa Chesterfield hakuna ambaye angejua. Huyu alisema, na aliyeambiwa hakufungua gango kutazama.

Kipimo ambacho mahakimu wetu hukitaja zaidi kinaitwa Bolam, cha mwaka 1957: je, daktari alitenda jinsi ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyo wangekubali? Kesi ya Bolitho ya 1997 ikaongeza kwamba maoni ya madaktari hao lazima yawe na mantiki, haitoshi wenzake kuja kumtetea. Kuhusu ridhaa, kesi ya Montgomery ya 2015 ilihama kutoka "madaktari huwa wanawaambia nini wagonjwa" kwenda "mgonjwa huyu alihitaji kujua nini". Kwa msomaji wa Kurani au mtangazaji wa redio, hatari ndogo ya kupoteza sauti ina uzito mwingine kabisa. Sheria yetu ya Afya ya 2017 nayo inadai mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo za matibabu na hatari zake.

Usikate tamaa kwa sababu ulisaini fomu ya ridhaa. Kwenye fomu ulikubali hatari ya upasuaji. Uzembe hukuukubali.

Kwa hiyo jiulize. Je, neva iliyoumia iko kwenye eneo la operesheni, au mbali? Ikiwa mbali, kama mguu wa fundi wetu, mashaka yanahamia kwenye namna ulivyolazwa. Ukipapasa upande wa nje wa goti lako, chini kidogo, utagusa kijinundu cha mfupa. Neva inayonyanyua unyayo inazunguka hapo, chini ya ngozi tu. Yeye alikaa saa nne miguu ikiwa imetundikwa kwenye nguzo za kitanda cha upasuaji. Je, nguzo ziliwekwa sponji? Nani aliangalia? Je, imeandikwa? Na baadaye: ulipolalamika, daktari aliitwa? Ulipewa rufaa? Au uliambiwa "ni dawa ya usingizi, itaisha" mpaka wiki ya sita?

Hatua ya 3: Hesabu siku leo, si kesho

Kesi ya uzembe Kenya ina ukomo wa miaka 3 tangu siku ya tukio, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 22.

Kama ni hospitali ya umma, sahau miaka 3. Sheria ya ukomo ya mamlaka za umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 kwa madai ya uzembe dhidi ya Serikali. Ni taasisi zipi hasa zinaingia humo, mawakili hubishana mpaka leo. Waache wabishane. Wewe hesabu miezi 12.

Tena sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inazungumzia notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema sharti hilo linakiuka Katiba kwa kumzuia mtu kufikia haki, lakini wakili mwangalifu bado huituma. Barua haigharimu kitu.

Upo mlango mdogo kwa aliyechelewa: kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinamruhusu mtu aombe ruhusa ya mahakama akionyesha kwamba mambo ya msingi hakuyajua wala hakuwa na njia ya kuyajua. Ni mlango mwembamba. "Nilikuwa nasubiri hospitali inijibu" haupenyi hapo, na kusubiri jibu la baraza la madaktari pia hakusimamishi saa. Nimeona watu wenye kesi nzuri wakizikwa na barua za "suala lako linashughulikiwa".

Hatua ya 4: Toa faili hospitalini

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usome mara mbili.

Karatasi uliyopewa ukiruhusiwa kwenda nyumbani si faili. Ni muhtasari, na muhtasari huandikwa na upande mmoja. Faili lenyewe lina maandishi ya daktari aliyekupokea, fomu ya ridhaa, maelezo ya operesheni aliyoandika mpasuaji, chati ya nusukaputi, orodha ya ukaguzi wa thieta, maandishi ya wauguzi wa wodini zamu kwa zamu, chati ya dawa, na barua za rufaa kama zipo. Ziombe kwa majina hayo, moja moja. Ukiandika "naomba faili langu" utapewa kurasa tatu na tabasamu.

Mpasuaji huandika akijua yataweza kusomwa baadaye. Muuguzi wa zamu ya usiku huandika kilichotokea, kwa sababu ana wagonjwa thelathini na hana muda wa kupamba. Kwenye faili la fundi wetu, maelezo ya operesheni yalikuwa mistari tisa safi isiyo na kosa. Lakini kwenye ukurasa wa wauguzi, siku ya pili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, palikuwa na mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: mgonjwa asema hawezi kuinua mguu wa kushoto, ametulizwa. Ametulizwa! Hapakuwa na "daktari ameitwa" wala "ataangaliwa raundi". Siku ya tatu malalamiko yakarudiwa kwa mwandiko mwingine. Siku ya nne akaruhusiwa, na muhtasari ukasema hali nzuri, hakuna tatizo. Wakili aliuzungushia ule mstari penseli, akaniambia, "Weka nakala tano."

Andika ombi kwa msimamizi wa hospitali, weka tarehe, peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Haki unayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi liamuliwe ndani ya siku 21, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako mwenyewe. Zitaje kwa heshima kwenye barua. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Ombudsman au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usiseme kwamba unataka kushtaki. Mgonjwa haombi faili lake kwa kutoa sababu.

Zipo njia za pembeni pia. SHA, yaani bima ya afya ya Serikali, au kampuni ya bima, ilipelekewa karatasi za kudai malipo, nazo hutaja operesheni iliyofanywa na tarehe zake. Wakati mwingine hazilingani na zile za wodini. Picha za X-ray na majibu ya maabara ni yako, yachukue.

Hatua ya 5: Daftari lako

Nunua daftari la shule. Andika kila unachokumbuka kuanzia siku uliyoamka: nani alikutembelea na akasikia ukilalamika, nani wodini alikuwa kitanda cha pili, maneno gani hasa daktari alisema raundi. Andika pia usichoweza kufanya tena. Fundi wetu aliandika "siwezi kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, wa kulia unachoka, gauni la siku moja sasa ni siku tatu." Hakuna ripoti ya daktari iliyowahi kusema vizuri kuliko hivyo.

Piga picha na video ukitembea, kila mwezi, kwenye simu ileile. Simu usiiuze, maana ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti cha kueleza ulivyopatikana na kifaa kilichotumika.

Na tafadhali, usimweke daktari kwenye Facebook wala TikTok. Utajikuta wewe ndiye unayeshtakiwa, kwa kumchafulia jina, na neva yako haitakuwa hoja tena.

Hatua ya 6: Daktari wa kukusemea

Bila shahidi mtaalamu, kesi nyingi za neva hazisimami. Hakimu hajui nguzo za kitanda huwekwa sponji wapi, lazima aambiwe. Kumpata daktari wa kusema dhidi ya mwenzake ni shida, hasa mji mdogo ambako wote walisoma pamoja na wanakutana arusini. Wakili mzoefu ana majina nje ya kaunti yako.

Ripoti unayoitaka inajibu mambo matatu tofauti, na nyingi hujibu moja tu. Kwanza, una jeraha gani na litabaki kiasi gani. Pili, utaratibu unaokubalika ulikuwa upi na ulivunjwa wapi. Tatu, lau utaratibu ungefuatwa, je, ungepona, au ungepona zaidi? Hilo la tatu ndilo linaloua kesi. Hospitali itakubali ilichelewa, kisha iseme kuchelewa hakukubadilisha kitu. Hapo ndipo kano ya kisigino ya fundi wetu ilipotuokoa: huenda neva ingebaki hivyohivyo, lakini kano isingekaza kama gango lingewekwa wiki ya kwanza.

Hatua ya 7: Chagua mlango, au milango

Unaweza kulalamika hospitalini kwenyewe. Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika na malalamiko yako kuchunguzwa. Mara nyingine hupata maelezo ya kweli na kuombwa radhi, na wapo ambao hicho ndicho walichokitaka tangu mwanzo. Ila angalia: ukiambiwa bili itafutwa ukisaini karatasi, isome. Ikisema umemaliza madai yote, umeuza kesi yako kwa bei ya bili.

Baraza la madaktari, KMPDC, linashughulika na nidhamu: onyo, kusimamishwa, kufutwa kwenye daftari. Kama aliyekosea ni muuguzi, kuna Baraza la Wauguzi. Tabibu wa kliniki ana baraza lake. Usitegemee mabaraza haya kwa fidia ya mguu wako. Faida yake kubwa ni kwamba daktari hulazimika kujibu kwa maandishi, na majibu yale huwa na thamani kesi ikifika mahakamani. Uamuzi wa baraza haumfungi hakimu, bali huupima pamoja na ushahidi mwingine.

Mahakama ndiyo yenye fidia. Hakimu Mkuu husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Unathibitisha kwa mizani ya uwezekano, yaani kwamba ilivyo yumkini zaidi ni hivi kuliko vile. Si lazima uondoe kila shaka kama kwenye jinai.

Milango hii inaweza kufunguliwa pamoja. Kosa ni kugonga mmoja na kulala hapo.

Kuhusu nani ashtakiwe: hospitali hubeba makosa ya waajiriwa wake, lakini zile za binafsi hupenda kusema mpasuaji ni mgeni tu, alikodi thieta. Basi wakili huwataja wote wawili na kuwaacha watupiane mpira wao kwa wao.

Hatua ya 8: Wakili na pesa

Hakikisha jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, na kwamba ana cheti cha mwaka huu. Muulize ameshughulikia kesi ngapi za hospitali, si za ajali za barabarani. Ni kazi mbili tofauti.

Wapo watakaokuambia "nilipe tukishinda tu, nitachukua asilimia yangu". Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiutambui mkataba wa kulipwa kwa sharti la ushindi. Kubalianeni ada kwa maandishi, na jinsi ya kuilipa kidogo kidogo. Uliza waziwazi gharama za ripoti ya daktari, za shahidi kusafiri, na za kufungua kesi. Na ujue kwamba anayeshindwa kwa kawaida hulipishwa gharama za mwenzake. Asiye na uwezo aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, au shirika liitwalo Kituo cha Sheria.

Hatua ya 9: Fidia inahesabiwaje

Fidia maalum ni pesa ulizotumia: bili, dawa, gango, nauli ya tuktuk kwenda mazoezi. Lazima itajwe shilingi kwa shilingi kwenye madai na ithibitishwe kwa risiti. Usiporuhusiwa kitu hapa, jilaumu mwenyewe. Omba risiti hata kwa dawa ya shilingi mia, na toa taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote.

Fidia ya jumla ni ya maumivu na ulemavu, na hakimu huangalia kesi zilizopita zenye majeraha yanayofanana. Kipato kilichopotea huhitaji ushahidi wa kipato. Fundi wetu hakuwa na hati ya mshahara, ila alikuwa na madaftari manne ya vipimo vya wateja, kila gauni na bei yake na tarehe. Tuliyahesabu usiku mbili. Gharama za matibabu ya mbele, kama upasuaji wa kuhamisha kano, ziandikwe na daktari na kutajwa kwenye madai tangu mwanzo.

Hatua ya 10: Barua, kesi, mapatano

Wakili ataanza na barua ya madai. Kisha hati ya madai, taarifa za mashahidi na nakala za nyaraka hupelekwa pamoja mahakamani. Baada ya hapo, jipange kwa miaka. Wenye bima ya hospitali hawana haraka.

Kesi inaweza kupelekwa kwenye upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwaka 2016. Unalenga kumalizika ndani ya siku 60, na yasemwayo humo hayarudi kutumiwa dhidi yako. Mimi naupenda kwa kesi za neva, kwa sababu pande zote mbili zinaogopa ushahidi wa kitaalamu. Nenda ukijua kiwango chako cha chini kabisa, na umwambie wakili wako tu.

Kama mshtakiwa ni Serikali, ukishinda usitarajie dalali wa mahakama kwenda kubeba vitanda. Mali ya Serikali haikamatwi. Unachukua cheti cha amri na kufuatilia malipo, nayo huchelewa.

Msomaji wa Tanzania, ramani yako inafanana lakini vipimo ni vingine: ukomo wa uzembe ni miaka 3, notisi kwa Serikali ni siku 90, na nidhamu iko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwone wakili wa huko.

Fundi wetu hakufika kwenye hukumu. Upatanishi ulichukua vikao vitatu. Kwenye cha pili, wakili wa hospitali alikuwa bado anasema mteja wake hakuarifiwa, mpaka nakala ya ukurasa ule wa wauguzi iliposukumwa mezani. Akausoma, akauliza kama anaweza kutoka nje kupiga simu.

Pesa zikiingia hupitia akaunti ya wateja ya wakili. Omba hesabu ya maandishi: kiasi kilichopokelewa, tarehe, ada, gharama, na kinachobaki chako. Yule mama aliisoma yetu mstari kwa mstari, akiwa amevaa viatu vya kufunga kamba, na akagundua nauli moja ya Malindi tuliyokuwa tumeiandika mara mbili.